Jibu: Mbegu ya mkorosho mzuri kuzaa mti dhaifu

Ndugu yangu wa Newala, umeuliza kwa nini korosho ulizopanda kutoka mkorosho wako bora zimetoa miti isiyozaa vizuri. Mara nyingi ua la mkorosho huchavushwa kwa chavua ya mikorosho mingine, kwa hiyo mbegu huchanganya damu. Ukitaka mti uleule, bebesha, yaani unganisha kikonyo (kijitawi) cha mkorosho wako bora juu ya mche uliooteshwa kwa mbegu. Chagua kikonyo chenye afya kwenye ncha ya tawi, unene ulingane na mche, kichonge kama kabari, kichomeke kwenye mpasuko wa shina la mche, funga kwa utepe wa nailoni. Tabaka laini lililo chini ya gamba la kikonyo liguse lile la mche. Hapo ndipo wengi hukosea! Mche wa namna hii huwahi kuzaa kuliko wa mbegu. Vikonyo bora waulize TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mtwara.