Mzazi mwenye mtoto fomu foo kwa mara ya kwanza, pita hapa

Wazazi wenzangu ambao mwaka huu ndo mna mtoto wa kwanza wa kufanya pepa ya NECTA (Baraza la Mitihani), nawaandikia mimi niliyeshavusha wawili, na yule wa kwanza nilimpoteza njia mwenyewe.

Kijana alipata two ya 19, yaani daraja la pili kwa pointi 19. Kwa ambao hamjazoea, wanachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ni 1, B ni 2, inashuka hivohivo mpaka F ambayo ni 5, kwa hiyo pointi zikiwa chache ndo raha, 7 hadi 17 ni wani, 18 hadi 21 two. Mimi nilivyoona hiyo two nikaanza kupigia ndugu simu, wala sikuangalia somo moja moja. Jiografia B, Kiswahili B, hesabu D, halafu fizikia, kemia na baiolojia zote C za kujikongoja. Nikasema fomu faivu aende PCB (fizikia, kemia, baiolojia), udaktari, tumemaliza. Akaniambia baba mi napenda mambo ya ramani, nikamjibu ramani zinaliwa? Akaenda, likizo anarudi na madesa ya fizikia hata hayafungui, fomu siksi akatoka na three. Leo yuko chuo cha ardhi anasoma upimaji ngazi ya diploma, kitu ambacho angeomba na cheti chake cha fomu foo, miaka miwili ikawa imeenda hivohivo.

Sasa kuhusu Selform, ile fomu ya kuchagua masomo na vyuo baada ya fomu foo. Wengi hatujui kwamba watoto wanaijaza shuleni kabla ya mtihani, kombi (masomo ya fomu faivu na siksi, kama ile PCB) na vyuo vya kati humohumo, halafu matokeo yakitoka, TAMISEMI (wizara ya serikali za mitaa) wanafungua dirisha la kubadilisha. Hapo ndo pa kukaa na mtoto na matokeo mkononi. Dirisha lina siku zake, msisubiri likaribie kufungwa, na tafadhali usimtume peke yake kwa yule kijana wa stesheneri amjazie huku foleni inasubiri fotokopi.

Na ule mwezi wa kumi na moja wenyewe, chunga mdomo. Binti yangu (huyu wa pili) kila akirudi nilikuwa namdaka mlangoni, vipi pepa, ngumu? Siku ya hesabu hakunijibu, akapitiliza chumbani, akalala na njaa na kesho yake ana pepa nyingine. Mama yake akanipa jicho moja tu. Kuanzia hapo nikawa nasema kuna viazi jikoni, basi, na siku ya tatu akaanza kusimulia mwenyewe bila kuulizwa.

Dirisha lilipofunguliwa tulikaa wote kwenye simu yangu, akaweka HGL (historia, jiografia, Kiingereza), mi moyoni nilikuwa na EGM (uchumi, jiografia, hesabu) lakini nikakumbuka ile siku ya hesabu nikanyamaza. Akabonyeza mwenyewe. Paswedi aliyoweka mpaka leo hajanitajia.