Usikimbie Bima kwa Sababu Unaota Viza

Wakili mmoja kijana, aliyepata leseni yake hapa Marekani juzi tu, ameniandikia. Kampuni ya mawakili inayotetea kesi za bima imempa kazi, lakini yeye roho yake iko kwenye uhamiaji wa biashara. Anauliza: akikubali, si atakuwa amejizika?

Nimemjibu aikubali, kisha nikaona jibu fupi halitoshi, maana swali hilo linanigusa pabaya. Nilipokuwa natafuta nafasi, bosi wa kampuni moja kubwa aliniambia usoni kwamba kutetea bima si uwakili, ni ukarani wa kuhesabu dakika. Leo nina wateja wangu wa pande zote mbili, bima na uhamiaji, na ninasaini majalada kwa jina langu. Neno lile bado linauma.

Na dakika kweli tunazihesabu. Ankara huandikwa kwa sehemu ya kumi ya saa, yaani dakika 6, na mkaguzi wa kampuni ya bima huzipitia moja moja. Ukiandika "kupitia jalada" tu, anakata. Inabidi useme umesoma nini na kwa nini. Ninyi mnaotaka kuwa wabia, zoeeni hilo mapema.

Faida kubwa zaidi ni kujua unamtumikia nani. Katika bima, kampuni ndiyo inayolipa, lakini aliyeshtakiwa ni mwenye bima, na huyo ni mteja wako. Afisa madai anataka makadirio: tupatane au twende mahakamani? Ukinusa kwamba huenda bima yenyewe haimlindi mteja wako, huwezi kuipeleka siri hiyo kwa anayelipa. Miaka ya kukaa katikati hivyo ndiyo iliyoniandaa kwa viza. Kwenye H-1B, viza ya kazi ya wenye taaluma maalumu, mwajiri ndiye anayesaini fomu ya maombi, I-129, ila anayekupigia simu usiku ni mfanyakazi. Kwenye PERM, hatua ya mwajiri kuomba kibali cha Wizara ya Kazi ili mfanyakazi apate ukaaji wa kudumu, tangu 2007 kanuni zinamzuia mwajiri kumtwisha mfanyakazi gharama ya wakili wa mwajiri. Siku wawili hao wanapogombana, unasimama na nani? Liandike kwenye mkataba wa huduma kabla hujagusa fomu yoyote.

Miezi ya karibuni USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, ilituletea barua ya kudai ushahidi zaidi: ofisa hakuamini kwamba kazi ya mchambuzi mmoja inahitaji shahada ya fani maalumu. Mwajiri alikuwa na barua nzuri iliyojaa sifa, ambazo hazithibitishi lolote. Nikamkalisha meneja nikamhoji kama shahidi aliyeapishwa. Jumatatu mchambuzi huyu anafungua nini? Anakokotoa nini? Akikosea, nani anapata hasara? Somo gani la chuo linamfundisha hilo? Majibu yake yakawa barua mpya, kila jukumu likiwa na somo lake pembeni. Ikaidhinishwa. Mbinu hiyo sikuipata kwenye semina ya uhamiaji, niliipata kwenye kesi za ajali za magari, kazi ya "makarani".

Vijana mnapenda Aprili, msimu wa maombi ya H-1B: nafasi 65,000 kwa mwaka, nyingine 20,000 za wenye shahada za uzamili za Marekani, wateja wanaoshangilia, kazi kuanza Oktoba 1. Hakuna anayeota siku 21 za kujibu madai katika mahakama ya shirikisho. Lakini mtu anayeheshimu tarehe hiyo ndiye nitakayemkabidhi viza ya mtu. Andika vizuri, hoji vizuri, andika tena. Anayekucheka muache acheke.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ichukue. Ila kwenye usaili waulize kama ndani ya mwaka wa kwanza utahoji mashahidi wewe mwenyewe, na kama wanakubali uombe kesi chache za viza pembeni. La pili wanaweza kulikataa, utavumilia. Wakikataa la kwanza, tafuta kampuni nyingine inayotetea kesi za bima.