Maswali na Majibu: Simu Yako na Skrini ya Gari

Nikichomeka simu kwenye gari inachaji vizuri, ila Android Auto, mfumo wa kuonyesha ramani na programu za simu ya Android kwenye skrini ya gari, haitokei. Fundi anasema nibadilishe redio. Ni kweli?

Badilisha waya kwanza! Swali hili linarudi kila mara, na bado watu wanang'oa redio nzima kwa kosa la waya. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi nne: mbili za umeme, mbili za data. Nyaya nyingi za bei rahisi zina zile za umeme peke yake, ndiyo maana simu inajaa chaji huku skrini haina habari nayo. Tafuta waya wa data usiozidi mita 1. Ukishindikana, hamia tundu jingine, kwani kwenye magari mengi ni tundu moja tu linalofika kwenye skrini na mengine ni ya kuchaji. Toa pia uchafu ulioshindiliwa kwenye tundu la simu. Fundi anayetaka kukuuzia redio kabla hajajaribu waya wa pili, mkimbie.

iPhone yangu inakubali Android Auto?

Haikubali. Yako ni CarPlay, mfumo kama huo wa iPhone.

Nimeunganisha Bluetooth. Mbona ramani haionekani?

Kwa sababu Bluetooth hapo inapitisha sauti, haipitishi picha. Hata Android Auto isiyo na waya hutumia Bluetooth kutambulishana na gari, kisha picha hupita kwenye Wi-Fi. Gari lenyewe lazima liwe na uwezo huo, na simu nyingi zinahitaji Android 11 kwenda juu. Vile vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye gari ili utumie Android Auto bila waya navyo vinafaa tu kwa gari ambalo tayari lina Android Auto ya waya. Uliza kabla hujalipa.

Nifanyeje niangalie video nikiendesha?

Sikufundishi. Kufuli la kuzuia video gari likitembea limewekwa makusudi. Anayekupa programu ya kulivunja hatakuwepo ukigonga mtu.

Nauza gari. Kuna cha kufuta?

Kipo, na afadhali umeuliza. Ukiruhusu Bluetooth ichukue majina, gari hubaki na namba za watu wako na orodha ya simu ulizopiga. Ramani ya gari nayo hutunza anwani ya nyumbani. Kufuta kwenye simu yako hakufuti kwenye gari. Ondoa simu kwenye orodha ya vifaa vya gari, kisha rudisha mfumo mzima katika hali ya kiwandani. Gari la kukodi ni hivyo hivyo: likikuomba majina, kataa.