Re: Nyuki wanasukuma duara, mbwa anafia lavani

Mambo vipi mkuu. Nimekuelewa hivi: kwenye Save the Doge, ule mchezo wa simu wa kuchora mstari kumkinga mbwa na nyuki kwa sekunde 10, unamzungushia mbwa duara, nyuki hawapenyi, ila wanalisukuma mpaka linabingirika naye hadi kwenye lava kabla muda haujaisha.

Angalia umbo kwanza. Duara ni gurudumu, na ukishainua kidole tu, mstari unakuwa kitu chenye uzito: unaanguka, unasukumwa. Nilikwama hapo hapo siku moja kwenye bajaji, natoka Mwanjelwa kwenda Uyole, jamaa wa pembeni anachungulia simu yangu. Akasema, "Unamchorea mpira, mchoree kibanda." Iliniuma kidogo, maana ndiye aliyekuwa sahihi.

Anzia chini ubavuni mwa mbwa, panda, pita juu ya kichwa, shuka upande wa pili. Usiishie hapo: teremsha mstari upite ukingo wa jiwe alilosimamia, kisha ukunje uingie chini yake kama ndoano. Nyuki wakisukuma, ndoano inang'ang'ania jiwe. Kidole usikiinue katikati, mstari ni mmoja tu.

Halafu cheki mzinga. Ukiwa kushoto, nyuki wanakusukumia kulia, kwa hiyo ndoano iwe kushoto, iuvute mstari usiende.

Nyota tatu achana nazo kwa sasa. Wino mwingi unakula nyota, lakini hatua unavuka. Ikigoma tena, tupia picha ya hatua yenyewe hapa.