Jibu: Mbunge akiuliza bungeni, bibi anayelea wajukuu Kasulu atanufaika?

Dada, umeuliza kama mbunge wenu akisimama Dodoma kuwasemea mabibi wanaolea wajukuu yatima, huku Kasulu kutabadilika kitu. Kinaweza kubadilika, ila swali liwe la kubana. Ibara ya 63 ya Katiba inampa haki ya kumuuliza waziri yeyote mambo ya umma yaliyo chini yake. Akiuliza tu "Serikali ina mpango gani?", atajibiwa kwamba juhudi zinaendelea, basi. Aulize kaya ngapi za walezi wazee wilayani zimo kwenye mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wa kunusuru kaya maskini, kata kwa kata, na zilizoachwa zitaingizwa lini. Waziri akikwepa, kuna swali la nyongeza papo hapo. Majibu yanaingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge; mnaweza kuyachapa mkaenda nayo halmashauri.

Lakini huyo bibi asisubiri Bunge! Mpelekeni sasa kwa mtendaji na kwa afisa ustawi wa jamii. Inaniuma sana kuona mzee wa miaka 70 anahangaika kuuza mawese ili watoto wapate madaftari. Andikeni orodha ya kaya kama yake, mumkabidhi mbunge kabla kikao hakijaanza.