Walisema nimeolewa

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Mume akipata kazi nje ya nchi, je, mke aache yake amfuate?" Mimi ni mume. Aliyepata kazi ni mke wangu na aliyefuata ni mimi, miaka miwili Addis Ababa kuanzia Machi 2022. Kwetu Kibosho, mlimani Kilimanjaro, walisema nimeolewa. Nitajibu nikiwa upande huo, na jibu langu ni kwamba asiende.

Watu hubishana juu ya mshahara na heshima ya nyumba. Mimi kilichonishinda ni saa tatu asubuhi. Saa hiyo mwenzako ameshaondoka, vyombo vimeoshwa, kitanda kimetandikwa, na siku nzima iko mbele yako haina hata kengele moja. Nilikuwa nimefundisha jiografia miaka 14. Nilizoea siku inayokatwa vipande vya dakika 40. Kibali changu cha kukaa kilikuwa cha mwenzi, hakiruhusu kuajiriwa. Mke wangu alipata mkataba wa ufasiri kwenye Umoja wa Afrika, ambao Februari ya mwaka huo ulikuwa umekipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Nilijivunia hilo na bado najivunia. Ila fahari hiyo ilikuja naye jioni, akirudi. Asubuhi nilibaki na redio.

Kusema haki, yapo yaliyonirahisishia. Saa zao ni zetu: Waethiopia nao huhesabu kuanzia macheo, na neno lenyewe, seat, ni ndugu wa saa. Fundi bomba akisema hulet seat nilijua anakuja saa mbili asubuhi, wakati mpangaji mwenzetu kutoka Ulaya alimngoja hadi mchana. Sukari ni sikwar. Baridi ya mita 2,300 na ushei haikunisumbua, nimezaliwa mlimani. Jumatano na Ijumaa mgahawa wa jirani haukupika nyama kwa sababu ya mfungo wa Waorthodoksi, nami nikaipenda shiro yao, ule mchuzi wa unga wa dengu, kuliko nyama.

Lakini nataka kueleza alasiri moja, maana kila nikijaribu kuwajibu naishia hapo.

Ilikuwa Agosti, katikati ya mvua zao kubwa. Umeme ulikuwa umekatika. Saa saba mchana ukaingia ujumbe kutoka shuleni kwetu. Walikuwa wameniahidi kwa mdomo likizo bila malipo ya miaka miwili. Ujumbe ukasema nafasi yangu imejazwa, wananitakia heri. Niliusoma mara tatu. Nikatoka nje, nikasimama barazani chini ya bati nikisikiliza mvua.

Ng'ambo ya ua aliishi mama mwenye nyumba, mjane mzee tuliyemwita Emama. Aliniona, akaniita kwa mkono: buna, kahawa. Nilikuwa nimemkatalia mara nyingi, kwa kuwa kahawa sinywi. Mtu wa Kibosho ataelewa. Kwetu kahawa ni ada ya shule. Tuliichuma, tukaimenya kwa mashine ya mkono, tukaiosha, tukaianika kwenye vichanja, tukaipeleka chama cha msingi cha ushirika, na jioni tukanywa chai. Baba ana mikahawa chini ya migomba kihambani, shamba letu la ukoo, tangu kabla sijazaliwa, na sikuwahi kumwona akinywa hata kikombe kimoja.

Siku hiyo nilivuka ua. Alikuwa ametandaza majani mabichi sakafuni. Akaosha buni mbichi, akazikaanga polepole juu ya jiko la mkaa mpaka zikaanza kulia na kung'aa mafuta. Kisha akainuka na kikaango kikifuka moshi, akakizungusha mbele yetu, na mjukuu wake akanionyesha namna ya kuuvuta moshi kwa kiganja hadi usoni. Nilikuwa na miaka 41, nimevalishwa sare na kahawa, nimesomeshwa na kahawa, na sikuwa najua inavyonukia ikiwa motoni. Akatwanga kwenye kinu kidogo, akatia katika jebena, birika lao la udongo lenye shingo ndefu, na pembeni akadondosha ubani kwenye makaa. Bisi zilikuwa kwenye ungo. Hakuna aliyekuwa na haraka.

Kikombe cha kwanza huitwa abol. Nikanywa, nikashukuru, nikainuka. Akanionyesha kigoda nilichotoka. Akaongeza maji juu ya kahawa ile ile, akarudisha jebena motoni. Cha pili, tona. Tukiwa hapo aliniuliza jambo na mimi nikashika neno moja tu, sira, kazi. Sikuwa na Kiamhari cha kueleza ahadi ya mdomo na ujumbe wa saa saba. Nikasema nilichoweza: sira yelem. Kazi hakuna. Nadhani sauti ilinitoka vibaya, maana mtoto aliacha kutafuna bisi.

Emama akasema, "Ayzoh." Huambiwa mwanamume aliyejikwaa, anayeumwa, aliyefiwa, mwanamke huambiwa ayzosh. Pole yetu iko karibu, ila pole hutazama lililokupata, na hili linakuinua: jikaze, jipe moyo. Tangu tufike hakuna mtu aliyenipa pole. Nani ampe pole mwanamume mzima anayeishi mjini kwa mshahara wa mkewe, hana njaa wala homa?

Kikombe cha tatu ni chepesi, karibu maji. Alipokimimina akakitaja: bereka. Nikamwomba arudie. Bereka. Nikamwambia kwa Kiswahili kitupu, kana kwamba ataelewa, kuwa baraka ni neno letu. Akaitikia kwa kichwa. Nilipotazama simu ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Mke wangu aliporudi nilimpa habari ya shule kabla hajavua viatu. Ningebaki ndani siku ile ningemficha wiki nzima. Najijua.

Naona nimejiharibia hoja. Nilianza nikitaka kumzuia mtu, na sasa, nikimkumbuka yule mama, siwezi. Aende. Lakini mkubaliane tarehe ya kurudi kabla ya kufunga mizigo. Mwenye mshahara aweke fedha kwenye akaunti ya mwenzake kila mwezi bila kuombwa, maana kuomba nauli ya daladala kunamuumiza mtu mzima kuliko anavyosema. Ahadi ya mwajiri iwe ya maandishi. Lugha aianze mwezi wa kwanza. Mimi nilianza wa sita, baada ya alasiri ile. Na sitamwahidi kwamba atampata Emama. Wapo wanaopangiwa ghorofa la kumi lenye mlinzi getini, wakakaa miaka miwili bila kujua jina la jirani. Kazi yangu nayo haikurudi. Leo nafundisha tuisheni za jioni Moshi mjini kwa karibu nusu ya pato la zamani, na hilo linaniuma kila mwisho wa mwezi.

Swali lenu limenikuta na barua mezani. Safari hii ni Dakar, miaka mitatu, na jibu linatakiwa kabla mwezi haujaisha. Jumapili iliyopita nilikaanga kahawa ya kihambani mbele ya baba. Alivuta moshi nilivyomwonyesha, akanywa kikombe cha kwanza, akasema ni kichungu, akaomba cha pili. Ana miaka 79 na magoti yake hayapandi tena mlima. Msomaji mwingine namwambia aende. Sisi bado hatujajibu.