Mwaridi umeota au umechipua?

Msomaji wetu aliyeko Leicester, Uingereza, anauliza: "Kila Februari miwaridi yangu huanza kutoa vijani vyekundu, na kwenye nyasi hujitokeza viua vya zambarau. Nilimpigia mama yangu, yuko Tanga, nikamwambia miwaridi imeota. Akacheka, akasema imechipua. Kuna tofauti gani? Na je, majira haya ni masika?"

Msalimie mama, shikamoo yake, na umwambie kashinda. Kuota ni kutokea pale ambapo hapakuwa na kitu. Mbegu ya mchicha huota, uyoga huota, mtoto huota meno. Mwaridi wako ulikuwepo siku zote. Baridi iliupukutisha majani, nawe bila shaka ukaupogoa. Kinachotoka sasa kwenye vifundo vya shina ni chipukizi, na kitendo chake ni kuchipua, kama ufanyavyo mwarobaini uliokatwa ukabaki kisiki. Wapo wasemao kuchipuka au kuchipuza. Hapo sigombani na mtu. Ungekuwa umechomeka kijiti cha mwaridi ardhini kikakubali, ungesema kimeshika.

Kumea kunakaribiana sana na kuota, na mara nyingi unaweza kutumia lolote kati ya hayo mawili. Ila penye nafaka, kumea ndiko kwenye mizizi zaidi: ulezi hulowekwa, ukaachwa umee, ukaanikwa na kusagwa, ukapatikana kimea cha kutilia togwa. Sijasikia mtu akikiita "kioto".

Viua vya zambarau ndivyo vyenye utata. Kwa maelezo yako naona ni vile vya jamii ya zafarani (usivichume kwa ajili ya biriani, tafadhali, zafarani yenyewe huchanua wakati majani yanapopukutika, si Februari). Chini yake kuna kitunguu kilicholala hai ardhini kipindi chote cha baridi, kwa hiyo kuota hakufai sana. Mimi ningesema vimechomoza. Na usiseme vimechanua kabla ya wakati: ua lililofumba ni tumba. Asubuhi ya mawingu utaliona limejikunja kama ncha ya kalamu, jua likilipiga ndipo linachanua, na jioni linafumba tena.

Kuhusu masika, naelewa kilichokuvuta. Watu wa hali ya hewa wa Uingereza huhesabu majira hayo kuanzia Machi hadi Mei, miezi ileile ya masika yetu. Lakini masika ni mvua. Mtu wa Tanga akisikia "masika yameingia" anawaza paa linalovuja na shamba la kupalilia, hawazi miti iliyokuwa mitupu ikirudisha majani. Sema majira ya kuchipua. Wengine huandika machipuko, nalo linaeleweka. Ila Februari, kwa hesabu ya huko, bado ni majira ya baridi, kwa hiyo miwaridi yako imetangulia kalenda.